Mkanda wa Pikapu ya Felician

Mbulu Mjini,
9 Februari 2025

Dada Imakulata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, maana kwa habari nilizozisikia hata mtu wa moyo mgumu anaweza kulala chini. Sisi huku tupo. Wifi yako Fausta anakohoa tangu Krismasi na hataki kwenda hospitali, anasema ni vumbi la vitunguu saumu anavyochambua kule sokoni. Watoto wamerudi shule. Mvua imegoma kabisa.

Pole sana kwa kufiwa na mjukuu. Pole kwa binti yako Hilda na kwa mumewe Felician. Nimepiga simu yako, inaita mpaka inachoka. Ya Hilda imezimwa. Felician alipokea mara moja, akasema "shikamoo mjomba", nikasikia anahema, halafu ikakatika. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nimempa Nikolausi, konda wa basi la Katesh, akuletee siku ya mnada.

Huyo Nikolausi ndiye aliyenipa maneno yanayosemwa huko, kwamba pikapu ilimzimikia Hilda njiani kwenda kujifungua kwa sababu mimi nilifunga mkanda wa injini vibaya. Dada, nisikilize. Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu hapa gereji, kabla ya Krismasi, bure, zawadi kwa mtoto aliyekuwa anakuja. Hujui mambo haya, basi nikueleze taratibu. Chini ya injini kuna krenki, ndiyo inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kamshafti, ndiyo inayofungua na kufunga valvu. Mkanda mmoja wa meno, sisi tunauita taiming belti, unazifanya ziende pamoja. Kila puli, lile gurudumu la meno linaloshika mkanda, ina kialama kilichochongwa kiwandani, na kwenye bodi ya injini kuna kialama mwenzake. Fundi anazungusha mpaka kila alama inatazamana na mwenzake, ndipo anavisha mkanda. Ukikosea jino moja, gari linakosa nguvu na kutoa moshi. Ukikosea zaidi, pistoni inapanda wakati valvu imeshuka, zinagongana, na hapo injini imekufa.

Mimi nilizilinganisha zote. Nilichora mistari ya rangi nyeupe juu ya mkanda pale alama zilipokutana, kama kawaida yangu. Nikazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kabla ya kugusa stata, alama zikarudi palepale. Felician alikuwa amesimama pembeni anaona. Gari liliondoka hapa likivuta vizuri kuliko lilivyokuja.

Mazikoni sikuja kwa sababu nilikuwa na lori la watu nimelifungua lote, vyuma viko chini na mwenye lori alinikalia kichwani. Utanielewa. Msalimie Hilda, mwambie mjomba wake hakukosea.

Ni mimi mdogo wako,
Gidabuday


Gendabi,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Gidabuday,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dizeli. Nikolausi alinipa pale mnadani halafu akaondoka haraka kama mtu aliyenipa sumu. Mwambie wifi aache ubishi, aende akapimwe hicho kifua. Hapa ng'ombe wamekonda, na majirani zetu Wambulu wa kule juu wamepanda mahindi kwa kubahatisha tu. Mguu wangu unauma kama kawaida, sina la kuongeza hapo.

Simu sikupokea kwa sababu nimekatazwa. Akina mama wamekaa kikao. Umezaliwa hapa, unajua wakikaa maana yake nini. Gari la kumpeleka mzazi likimwangusha njiani, hilo ni shauri letu wanawake, na mwanaume hana nafasi ya kusema. Wameamua fundi wa gari alete dume jeusi la ng'ombe, asimame mbele yao, aombe. Mpaka afanye hivyo yuko chini ya laana, hakuna mwanamke wa kwetu kuongea naye, kumpa maji wala kupokea salamu yake. Mimi dada yako nilikuwepo kikaoni, na nilikubali pamoja na wenzangu. Kuandika hawakukataza. Nadhani hawakufikiria kama kuna mtu bado anaandika barua.

Umenieleza habari ya krenki na kamshafti, asante. Na mimi nikueleze. Uchungu ulianza asubuhi. Felician alileta pikapu, tukamlaza Hilda nyuma juu ya godoro, nikakaa naye nimemshika. Tulipoanza kupanda ule mwinuko kabla ya Katesh gari likaanza kuhema, moshi mweusi ukatufunika, kikasikika kitu kinagonga mbele kama nyundo, halafu kimya. Felician akapiga stata, hamna kitu. Tulimzalisha kandokando ya barabara, mimi na mama mmoja aliyekuwa anapita na punda. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Muuguzi angejua la kufanya, sisi hatukujua. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi.

Tulimzika kesho yake. Hilda aliniuliza, "Mjomba amefika?" Nikamwambia bado. Akauliza tena siku iliyofuata. Sasa haulizi.

Lori la watu, Gidabuday? Kweli kabisa? Njoo.

Dada yako,
Imakulata


Mbulu Mjini,
30 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Fausta amekwenda hospitali hatimaye, wamempa dawa na wamemwambia avae kitambaa puani akiwa sokoni. Hakivai. Mvua imenyesha kidogo, imelowesha vumbi tu.

Habari ya mtoto nimeisoma nikashindwa kumaliza, nikaiacha, nikairudia jioni. Nimeumia, usidhani sijaumia. Mimi ndiye niliyembeba Hilda mgongoni alipokuwa mdogo anaumwa surua, na wewe unajua.

Lakini kusimama mbele ya kikao cha watu wasiojua spana wala bisibisi, niseme nimekosea wakati sikukosea, hilo hapana. Nimekuwa fundi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimefunga mikanda ya magari ya misheni, ya halmashauri, ya wenye mabasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia. Ningekosea ningesema. Nikija na dume jeusi leo, kesho kila gari litakaloharibika kuanzia Dongobesh mpaka Katesh litakuwa ni Gidabuday.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kwa uwazi. Baada ya gari kuondoka hapa kwangu, kuna mtu alilifungua mbele? Kuna fundi mwingine aliyeligusa? Muulize Felician. Mimi akiona namba yangu hapokei.

Mdogo wako,
Gidabuday


Gendabi,
11 Mei 2025

Gidabuday,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na palizi, halafu kulikuwa na ugonjwa wa mbuzi, halafu nilikuwa sina hamu ya kuandika, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Gerald wa dada yetu mkubwa amepata kazi ya ulinzi Babati. Monica wa jirani amejifungua salama, mtoto wa kike. Hilda alikataa kwenda kumwona.

Hilda yuko kwangu tangu yale yalipotokea. Anafanya kazi zote, anakamua, anachota maji, ila chakula anachezea tu kwenye sahani. Felician anakuja karibu kila Jumapili kutoka Balangdalalu. Anakaa nje ya boma na mkewe anamfuata huko, wanakaa wawili bila kuongea mpaka jua linapokaribia kuzama, ndipo anaondoka. Angalau wanakaa pamoja. Wapo waliofiwa na mtoto wakaachana mwezi uleule.

Pikapu imevutwa mpaka Katesh, iko gereji ya Hermani.

Kuhusu swali lako, sina la kukujibu. Akina mama wanauliza kila tukikutana kama nimesikia lolote kutoka Mbulu. Nanyamaza, na wao wananitazama. Kinachonisumbua mimi si alama zako. Mtoto wangu alimngoja mjomba wake, na mjomba hakuja. Njoo na hilo dume yaishe.

Imakulata


Mbulu Mjini,
15 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Huku baridi imeanza, asubuhi ukungu mpaka huoni geti. Sote wazima.

Najua umeshasikia kwamba nilikuwa Katesh na sikufika Gendabi. Usinune. Hermani ni rafiki yangu wa zamani na aliniruhusu nifungue ile injini mwenyewe, yeye akiwa amesimama hapo. Nilichokikuta nitakuandikia hapa, na ukimaliza kusoma uamue wewe.

Ule mkanda sio mimi niliyeufunga mara ya mwisho. Kila taiming belti ina mishale midogo inayoonyesha upande wa kuzunguka. Nilipoivisha mimi, mishale ilitazama mbele. Sasa inatazama nyuma. Maana yake mtu aliutoa mkanda akaurudisha kinyume, na mistari yangu myeupe haikutani na alama yoyote. Kikazio chake, kile kinachoubana mkanda usilegee, kilikuwa kimefungwa nusu nusu, ndiyo sababu kwenye mwinuko ukaruka meno. Valvu zote zimepinda. Na kule mbele ya krenki, nyuma ya mkanda, kuna sili mpya, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, imepakwa gundi nyekundu. Mimi gundi nyekundu situmii.

Hapo ndipo nilipoelewa yote, dada, nikakaa chini. Sili ya zamani niliiona wakati nafunga. Ilikuwa imeanza kuchoka, nikasema bado inafaa, itafika katikati ya mwakani. Haikufika. Ilianza kuvuja, Felician akaona mafuta chini ya gari. Mtu mwingine yeyote angenipigia simu aniambie, mjomba, kazi yako inavuja. Lakini ile ilikuwa zawadi ya wakwe. Mkwe gani wa kwetu atarudisha zawadi ya upande wa mke aseme ina kasoro? Aliona aibu kwa niaba yangu. Akafungua mwenyewe, akabadilisha sili, akarudisha mkanda kwa kukumbuka alivyoniona nikifanya, na alama akazikosea. Nina hakika hakuzungusha kwa mkono. Aliwasha tu, likawaka, akashukuru Mungu.

Sili ni yangu, hilo nalikubali popote. Alama si zangu. Hermani ameona na yuko tayari kuja kusema. Peleka neno hili kwenye kikao, waambie wamwite Felician.

Gidabuday


Gendabi,
6 Julai 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina salamu nyingi. Ng'ombe wako salama.

Nilijua.

Siku chache baada ya mwaka mpya nilikwenda kumwona Hilda kule kwake. Nilimkuta Felician ameinama kwenye injini, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Aliponiona akakimbilia nyuma ya nyumba, na mimi nikageuza uso, kama mkwe na mama mkwe wanavyopaswa kufanya. Tukaheshimiana hivyo, nikaingia ndani, sikuwaza tena. Siku tuliyozika mtoto alikuja mpaka kwenye uzio wa boma usiku watu wamelala, akasimama upande wa nje, mimi ndani, akasema, "Mama, nimemuua mwanangu." Akataka kwenda kuwaambia akina mama. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Usiniulize kama nilifikiri sawasawa. Nilimfikiria Hilda. Mtoto amekwenda, Hilda akijua ni mkono wa mumewe, na mume naye amekwenda. Akina mama wangemtoa kwa mumewe, na Felician angelaaniwa akiwa katikati yao, asipate hata moto wa kuwashia jiko. Wewe uko mbali, una mke, una gereji. Nilisema laana yetu ikifika Mbulu itakuwa imechoka. Kila barua uliyoniandikia kuhusu alama niliisoma nikijua unasema kweli, na bado nikakuandikia njoo.

Sasa nakuomba kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kujificha. Beba. Njoo usimame useme ulikosea. Hilda ameanza kula kidogo, wiki iliyopita amerudi kwa mumewe, nimemsikia anacheka na jirani. Ukimleta Hermani na mishale yake, nitakuwa sina binti.

Ukikataa sitakulaumu. Ila hata hivyo sitapeleka neno lako kikaoni, nakuambia mapema.

Imakulata


Mbulu Mjini,
24 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo.

Uliniona kikaoni, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia. Dume lilipokelewa. Mkubwa wa kikao aliponiuliza nilikosea nini nilisema nilikosea alama. Maneno yale yalitoka mepesi kuliko nilivyodhani, na hilo limenitisha. Halafu Hilda akasimama, akaniuliza kwa nini sikuja kumzika mwanawe. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo peke yake lilikuwa langu.

Felician alikuwa kule mbali anachunga ng'ombe. Nilipopita karibu yake kurudi barabarani alivua kofia. Na mimi nikapita.

Wateja wa Hanang wameacha kuja, nilijua wataacha. Sikujua kwamba na wa hapa watasikia. Wiki hii mtu kaleta gari, nimemfungia mkanda, halafu akamwita fundi wa jirani aje akague alama nilizoweka. Nilisogea pembeni nikamwacha akague. Fausta ananiuliza kwa nini nilikwenda kujiaibisha, na siwezi kumwambia hata yeye.

Nimefanya ulichotaka. Sasa niache kwanza nikae. Usiniandikie.

Gidabuday


Gendabi,
18 Januari 2026

Gidabuday, mdogo wangu,

Najua ulisema nisikuandikie. Nimevumilia miezi yote hii. Marufuku imeondoka, naruhusiwa kukupigia simu, sasa wewe ndiye hupokei. Basi acha nisumbue tena.

Gidabuday, Hilda ana mimba, kubwa, amekuja kukaa kwangu kusubiri siku. Na Felician amepata injini nyingine kuukuu, ameiweka kwenye ile pikapu na ameileta hapa uani kwangu ili ikae karibu na Hilda. Bado kufunga mkanda. Hermani alijitolea kuja, Felician akakataa. Anasema safari hii ataufunga yeye, kwa mkono wake, hataki mtu mwingine aingie. Nadhani anajiadhibu. Nilimwambia Hilda, kwa nini tusimwite mjomba wako? Akaniambia, "Mjomba asiguse gari langu mpaka nife."

Huyu kijana hakuna aliyewahi kumwambia alipokosea. Nilimnyamazisha, ukamnyamazia, kikao kikamsamehe bila kumjua. Anakwenda kurudia vilevile. Silali. Nifanye nini?

Imakulata


Mbulu Mjini,
25 Januari 2026

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi na Nikolausi anaondoka mchana huu, kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama. Nimempigia Felician. Alipokea, akasema "ndiyo mjomba, ndiyo mjomba" kwa kila neno, halafu akazima. Mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu hajasikia kitu.

Itabidi uwe wewe. Najua wewe ni mama mkwe wake na hampaswi kukaribiana. Karibia. Vaa ile miwani ya kusomea Biblia. Usimwache awashe mpaka uone mambo yafuatayo kwa macho yako, usikubali kuambiwa.

Mkanda uwe mpya, si wa zamani. Mishale yake itazame upande injini inakozungukia, yaani ukisimama mbele ya gari uielekee injini, kwa juu mishale iende kulia kwako. Kuna puli tatu zenye alama: kubwa ya juu ya kamshafti, ile ya pembeni ya pampu ya dizeli, na ya chini ya krenki. Kwenye kila moja tafuta kialama kama kovu dogo, na jirani yake kwenye chuma kisichozunguka kuna kialama kingine. Vitazamane uso kwa uso. Vikipishana hata kidogo, ni jino. Mwangalie anavyokaza kile kikazio, akaze mpaka mwisho.

Halafu hapa ndipo aliposhindwa. Atie spana kwenye boliti ya chini, azungushe injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Asiguse stata. Ikikwama popote asilazimishe, afungue aanze upya. Ikizunguka laini, ukague tena alama zote tatu kama hukuwahi kuziona. Mkanda ukikaa vibaya mara nyingi unajificha mwanzoni, unajitokeza baada ya kuzungushwa. Usimwonee huruma, dada. Ukiona imepita, sema imepita.

Nikolausi anapiga honi. Mungu awe na Hilda.

Gidabuday


Gendabi,
15 Februari 2026

Mdogo wangu,

Nimefanya kama ulivyoandika.

Jana Felician alikuwa uani tangu asubuhi. Nilimchungulia dirishani mpaka nilipomwona amemaliza kuvisha mkanda na anafuta mikono. Nikavaa miwani, nikatoka. Akataka kukimbia kama siku zote. Nikamwambia, "Kaa hapo." Ni neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu amuoe Hilda, ukiacha yale ya gizani kwenye uzio.

Mishale ilikuwa sawa. Kikazio nilimwambia akaze tena mbele yangu, akakaza. Alama zote tatu zilionekana zinatazamana. Nikamwambia azungushe kwa mkono. Akasema, "Mama, iko sawa, niwashe tu." Nikasema zungusha. Akatia spana, akazungusha wa kwanza, akazungusha wa pili, mimi nimeinama pale kama mtu anayetafuta sindano. Ya chini sawa. Ya pampu sawa. Ya juu, kile kialama kilikuwa kimempita mwenzake kwa upana wa punje ya mahindi.

Nikasema, "Imepita. Jino moja. Fungua, rudia."

Alinitazama, Gidabuday. Tulitazamana, mimi na mkwe wangu. Alielewa ndivyo ilivyokuwa na mara ile. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata ile ilikuwa hivi?" Nikasema ndiyo.

Sikujua kwamba Hilda alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na tumbo lake. Akauliza, "Mama, hayo umejifunza kwa nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo, nilikuwa nimeshauzoea. Nikashindwa. Nikamwambia, "Kwa mjomba wako."

Akasema, "Kwa hiyo mjomba anajua kuziweka." Nikasema anajua. "Na mara ile pia alijua." Nikavua miwani. Akamtazama mumewe, Felician akaacha spana ikaanguka, akakaa chini kwenye vumbi akajifunika uso. Sikuwa na haja ya kueleza kitu, na hakuniuliza zaidi. Alivuta kigoda akakaa karibu na gari, akamwambia Felician, "Rudia kama mama alivyosema. Nakuangalia." Alirudia. Nilikagua tena baada ya kuzungusha, safari hii zilitulia zote. Injini iliwaka vizuri, haina moshi. Hakuna aliyefurahi.

Leo asubuhi nimemkuta anafunga nguo zake na zile za mtoto kwenye kanga. Anasema atakwenda kujifungulia Mbulu, kwa mjomba wake, na katika pikapu hiyo hatapanda, hata alama zikae vipi. Amekata tiketi kwa Nikolausi, atakuja na basi la Jumatano. Barua hii namkabidhi dereva wa leo ikutangulie.

Nilimuuliza kama atarudi. Aliendelea kukunja nguo.

Mpokee stendi, tafadhali. Amechoka sana.

Imakulata